Fedha ya Msafiri: Namna ya Kuibeba, Kuitunza na Kuipata Ugenini

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu limeachwa kila mtu alijue mwenyewe, nalo ni namna ya kubeba na kupata fedha mtu awapo safarini. Huenda baadhi yenu mnajiuliza ushirika unahusika vipi na mkoba wa msafiri. Jibu langu ni fupi. Chama hutumia msimu mzima kuilinda fedha ya mkulima. Hupima korosho zake mbele ya macho yake, humpa stakabadhi, huzipeleka ghalani, huzisimamia mnadani, na kufuatilia mpaka malipo yaingie katika hesabu yake benki. Ndivyo mambo yanavyokwenda katika mkoa wetu tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007. Kisha, kwa siku moja tu, mkulima huyo huitoa fedha yote benki, huifunga katika kitambaa, na kupanda basi. Ulinzi wote ule unakwisha mlangoni pa benki.

Miezi inayofuata minada ndiyo miezi ya safari. Huyu anampeleka mgonjwa Dar es Salaam, yule anakwenda Songea kumwona mjukuu, mwingine anavuka Ruvuma kuwatembelea ndugu zake, na wako ambao, baada ya miaka mingi ya kujibana, wanakwenda kupumzika tu. Halina ubaya hilo. Mkulima naye anastahili likizo kama mtumishi wa ofisini. Ninalotaka ni kwamba aende na arudi bila kuaibika njiani.

Naomba nianze na shauri moja nililoletewa. Mwanachama mmoja, mtu mzima na mwangalifu, alikataa kubeba noti. Alikuwa amesikia kwamba simu ni salama zaidi, basi akaziweka fedha zake zote katika simu. Njiani simu ikaibiwa. Alipofika alikokwenda hakufadhaika, kwa kuwa alikwisha ambiwa kwamba simu ikipotea fedha haipotei. Akaenda kuomba laini mpya yenye namba ile ile. Akatakiwa aweke kidole. Alama za kidole hazikulingana. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mpwa wake, aliyemsaidia zamani kuinunua, na mpwa mwenyewe wakati huo alikuwa baharini na wavuvi wenzake, wala hakupatikana. Ndugu zangu, fedha ile ilikuwapo na hakuna aliyeigusa. Lakini kwa kanuni haikuwa ya mzee yule. Akakaa ugenini akila kwa hisani ya watu mpaka mpwa aliporudi pwani.

Shauri hili ndilo lililonifundisha ninalotaka kuwaambieni leo. Usalama wa fedha ya safari hauko katika noti, wala katika karatasi, wala katika kadi, wala katika simu. Uko katika uwezo wa mwenye fedha kuthibitisha kwamba fedha ni yake, pindi kile alichoibebea kitakapopotea. Asiye na uwezo huo, hata akiwa na chombo kipya namna gani, hana tofauti na aliyefunga noti katika pindo la kanga.

Pwani yetu hii inalijua jambo hili tangu kale. Mwezi Machi mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Fedha yake ilikuwa mizigo ya nguo na shanga, maana ndivyo vitu vilivyopokewa njiani kwa chakula na kwa ruhusa ya kupita. Mizigo mingine ilitumwa Ujiji imngojee. Alipofika huko mwaka 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, alikuta bidhaa zake zimekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa. Akawa hana kitu mpaka Henry Morton Stanley alipomfikia mwaka huo huo akiwa na shehena yake mwenyewe. Shanga hazina jina la mtu. Yeyote anayezishika aweza kuzitumia, na mwenyewe akija baadaye hana la kuonyesha isipokuwa maneno yake.

Wafanyabiashara wa bahari walikwisha kuiona hatari hiyo, wakatafuta njia nyingine. Neno letu hundi tumelipata kutoka Bara Hindi, ambako wafanyabiashara waliandikiana karatasi ya kumwagiza mtu wa mji mwingine alipe kiasi fulani, ili chombo kisisafiri na fedha nzito. Neno hawala tumelipata kwa Waarabu, nalo lina maana iyo hiyo ya kuhamisha deni au malipo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Kwa hiyo wazo la kuacha fedha nyuma na kubeba uthibitisho peke yake si geni kwetu, wala halikuletwa na simu.

Sasa nije kwenye hundi za wasafiri, ambazo baadhi ya wazee waliopo hapa wamezitumia. Mwaka 1874 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza ilianza kutoa hati zilizoweza kubadilishwa kuwa fedha katika miji mbalimbali. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ya Marekani ikatoa hundi ya msafiri kwa namna iliyokuja kuenea duniani. Yasemwa kwamba mkuu wa kampuni hiyo alikuwa ametembelea Ulaya akiwa na barua za benki, akaona kwamba nje ya miji mikubwa barua zile hazikumfaa kitu. Akarudi amekasirika, akamtaka mfanyakazi wake Marcellus Berry atafute njia bora.

Njia aliyoitafuta ilikuwa nyepesi, na ninawaomba mwisikilize vizuri. Msafiri hununua hundi zake benki kabla ya kuondoka. Hapo hapo, mbele ya karani, hutia sahihi moja katika kila hundi. Afikapo ugenini na kutaka kulipa, hutia sahihi ya pili mbele ya yule anayeipokea, naye hulinganisha sahihi hizo mbili. Zikifanana, hulipa. Kila hundi ina namba yake, na msafiri huandika namba hizo katika karatasi nyingine anayoiweka mbali na hundi zenyewe, pamoja na stakabadhi ya ununuzi. Hundi zikipotea, hupeleka habari pamoja na namba zile, na kampuni humpa nyingine.

Hapa nchini, katika miaka ya 1970 na 1980, aliyetaka kwenda nje hakuweza kupata fedha za kigeni bila kibali chini ya sheria za usimamizi wa fedha hizo, na sehemu ya alichoruhusiwa aghalabu alipewa kwa hundi za wasafiri. Leo hundi hizo zimekwisha takriban kabisa. American Express imeacha kutoa mpya, ingawa zilizokwisha tolewa bado inazilipa, na benki nyingi hazizipokei tena. Mwenye hundi ya zamani ndani ya sanduku asiitupe, bali aulize namna ya kuirudisha kwa kampuni iliyoitoa. Lakini asiende nayo safari akidhani atapata chakula kwayo.

Hundi zimekwisha, lakini kanuni zake tatu zinabaki, nami naomba kila katibu aziandike. Ya kwanza, fedha iwe kwa jina lako mwenyewe. Ya pili, idhini ya kuitoa itoke kwako, wakati ule ule unapoitoa, wala si kabla. Ya tatu, namba na uthibitisho vikae mbali na kile ulichobebea fedha. Sasa tuzipime njia tulizo nazo leo kwa kanuni hizo.

Njia ya kwanza ni noti taslimu. Hii haitimizi kanuni hata moja, lakini haiwezi kuachwa kabisa. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga, na wasafiri wakakwama njiani. Katika mwezi huo huo nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadhoofika sana nchini. Katika hali kama hiyo, muuza wali wa kando ya barabara hatazami kadi yako, anataka noti. Kwa hiyo msafiri abebe noti za kumtosha nauli, chakula na malazi ya siku mbili au tatu zaidi ya alizokusudia, na azigawe mahali pawili mwilini na katika mzigo. Nyingine zibaki benki.

Nao wanaodhani kwamba fedha iliyofichwa nyumbani hungojea safari bila kubadilika, nawakumbusha jambo moja. Kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika matumizi noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya karatasi ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Aliyekuwa nazo darini na hakuzipeleka benki kwa muda uliowekwa, alibaki na karatasi.

Njia ya pili ni hesabu ya benki na kadi yake. Hii ndiyo iliyorithi nafasi ya hundi za wasafiri duniani. Mwenye kadi aweza kutoa fedha yake Mtwara, Dodoma au Mwanza, na kadi zilizounganishwa na mitandao ya kimataifa hutumika hata nje ya nchi, ingawa makato huwa makubwa zaidi. Kadi ina jina lako, na idhini yako ni namba ya siri. Hatari yake ni mtu kuiandika namba hiyo nyuma ya kadi yenyewe, au katika karatasi iliyo ndani ya mkoba ule ule. Kufanya hivyo ni sawasawa na kutia sahihi zote mbili katika hundi ya msafiri kabla ya kuondoka nyumbani. Atakayeiokota hana haja ya kuwa wewe. Ihifadhi namba ya siri kichwani, na namba ya simu ya benki yako iandike mahali pengine, ili kadi ikipotea au ikimezwa na mashine upige mara moja na kuifunga.

Ikumbukwe pia kwamba benki haziko kila mahali. Anayetoka Mtwara mjini kwenda Msimbati kupumzika ufukweni, au kuingia vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, benki anaziacha nyuma yake. Na afanye hesabu yake kabla ya kuondoka mjini.

Njia ya tatu ni simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, simu imekuwa benki ya mtu asiye na benki, na mawakala wamefika hata vijiji vya mpakani. Ina faida iliyokuwamo katika hundi za wasafiri: simu ikiibiwa, laini hufungwa, mwenyewe hupewa laini nyingine ya namba ile ile, na fedha yake huikuta. Lakini faida hiyo ni ya yule tu ambaye laini ni yake kwa jina na kwa kidole. Kila mwanachama aweza kuhakikisha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa kwa kubonyeza *106#. Ni jambo la dakika moja, na lingemwokoa yule mzee niliyemtaja.

Namba ya siri ya simu usimpe wakala, wala kijana anayekusaidia kusoma maandishi, wala katibu wa chama chako. Nanyi makatibu, mwanachama akikupeni namba yake kwa kuwaamini, kataeni. Mtakuwa mmemlinda yeye, na mmejilinda ninyi pia. Aidha, ukipata ujumbe unaosema kwamba ile hela itume kwa namba hii, usitume. Mpigie kwanza yule unayedhani ameandika, usikie sauti yake.

Jambo jingine ni kwamba wakala wa kijijini huweza kuishiwa na noti, hasa katika siku za malipo ya korosho, na kutoa kiasi kikubwa kwa simu kuna makato yake. Kwa hiyo simu itumike kwa mahitaji ya kila siku. Fedha ya hospitali, ya ada au ya kununua mashine ibaki katika hesabu ya benki, ikatolewe katika tawi la kule unakokwenda, au ilipwe moja kwa moja katika hesabu ya anayedai. Msafiri mwenye busara huacha fedha nyingi nyuma na kuiita kidogo kidogo.

Naomba sasa niseme machache kwa ndugu wanaoishi kando ya Ruvuma. Wamakonde wa ng'ambo na wa huku ni watu wamoja, na kuvuka kwenda kuzika au kuoza si safari ya nchi za nje machoni pa mtu wa Kilambo. Lakini fedha haijui udugu huo. Huduma ya fedha kwa simu ya upande wa pili ni ya kampuni za Msumbiji, na jina M-Pesa kufanana lisikudanganye. Usivuke ukitegemea kwamba wakala wa kule atakutolea fedha iliyomo katika laini ya Tanzania. Vuka ukiwa na fedha ya matumizi mkononi, na iliyobaki uiache huku.

Fedha ya Msumbiji ni metikali. Tarehe 1 Julai 2006 nchi hiyo iliondoa sifuri tatu, ikawa metikali 1,000 za zamani ni sawa na metikali 1 mpya, na noti za zamani sasa hazina thamani. Mtu akikupa kandokando ya mto noti yenye sifuri nyingi kwa bei ya kukufurahisha, ujue ya kwamba anauza karatasi. Fedha ibadilishwe benki au katika duka la kubadilishia lenye leseni, na stakabadhi ichukuliwe. Kama hapana budi kubadilisha kidogo kwa mtu, basi awe anayejulikana na ndugu zako, na uhesabu mbele yao. Wageni wanaotoka ng'ambo nao waambiwe kwamba, kwa kanuni za mwaka 2025, ni marufuku nchini kwetu kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Duka la chama lidai shilingi.

Sina haja ya kuwakumbusha sana juu ya usalama wa njia hiyo. Tangu Oktoba 2017 Jimbo la Cabo Delgado limepatwa na mashambulizi, kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020, na mji wa Palma mwezi Machi 2021. Kabla ya kuvuka, awe anapita Kilambo au Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala, mtu aulize kwanza kwa maofisa wa uhamiaji, apite mahali palipo halali, na asibebe fedha nyingi.

Mwisho, Ndugu Makatibu, nataka niwageukie ninyi, kwa maana safari huvihusu vyama vyenyewe. Chama kinapomtuma mjumbe mkutanoni humpa masurufu. Masurufu yaandikiwe hati ya malipo, yaingizwe kitabuni, na mjumbe ayarejeshe kwa stakabadhi arudipo. Yakitumwa kwa simu, yatumwe kwa laini yenye jina la mjumbe, na ujumbe wa uthibitisho unakiliwe na kuwekwa katika jalada. Lakini kuna desturi moja mbaya zaidi, nayo mnaijua. Mwenyekiti anataka kusafiri, na kazi za chama zisikwame, basi anatia sahihi katika hundi tupu nne au tano na kumwachia katibu kabatini. Hufanya hivyo kwa nia njema na kwa kuaminiana.

Ndugu zangu, sheria ya watia sahihi wawili ina maana moja tu, kwamba watu wawili waione hundi ile ikiwa imejazwa, waijue ni ya nini, ndipo waikubali. Hundi iliyotiwa sahihi kabla ya kujazwa ni kama zile shanga za Ujiji. Ikipotea, au mshika kitabu akishawishika, mwenyekiti hana la kujitetea, kwa sababu sahihi ni yake kweli. Na fedha itakayotoka si yake wala ya katibu, ni ya wakulima waliopima korosho zao gunia kwa gunia. Kama mwenyekiti anasafiri kwa muda mrefu, kamati ikutane na kuteua mtia sahihi mwingine kwa utaratibu, benki iarifiwe, na kumbukumbu ziandikwe. Kazi ikichelewa kwa siku tatu, itaendelea siku ya nne.

Napendekeza basi kwamba kila chama, kabla ya mnada wa kwanza wa msimu, kifanye mambo matatu. Kiitishe wanachama kwa vikundi na kuwasaidia kuhakikisha kwamba jina la hesabu ya benki, la laini ya simu na la kitambulisho ni jina moja. Kiwafundishe kuandika namba za kupigia wakati wa hatari katika karatasi inayokaa mbali na simu na mkoba. Na kamati ifungue kabati, itoe kila hundi tupu iliyotiwa sahihi, na kuifuta mbele ya wajumbe wote. Haya hayahitaji fungu katika bajeti. Yahitaji siku moja na mtu wa kuyasimamia.

Nawatakieni msimu mwema, na safari njema kwa watakaosafiri.